Tungia Sentensi: Uhasama

Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya adhana,
niliandika ubaoni maneno manne
nikawaambia darasa la saba wayatungie sentensi.
La tatu lilikuwa uhasama.

Kamusi yetu ya shule, isiyo na jalada,
iliyokwisha kupoteza herufi A yote,
yasema: chuki; upinzani; uadui.
Inatenga kwa nukta mkato, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.
Sio.
Upinzani una refa. Huvaa jezi,
huisha jioni, na aliyefungwa
hununua sharubati ya ukwaju.
Adui waweza kuwa naye bila kumwona: malaria, njaa,
mtu wa nchi usiyoifika.
Lakini hasimu, lazima ujue anavyokohoa.

Usiku nikasahihisha. Umeme ulikuwa umekatika
tangu magharibi. Madaftari thelathini na moja.
Wengi waliandika mpira:
Kuna uhasama baina ya Mkomani na Langoni.
Vema, vema, vema.
Mmoja: Uhasama ulimwangukia mjomba kichwani.
Nikacheka peke yangu. Ngeli sawa, maana la.
Kisha Mwanashee binti Famau,
herufi zake zikilala kama zimechoka:
Uhasama ni kabati la babu
lililosimama mbele ya mwango wa wikio.

Wikio hilo nalijua.
Ng'ambo ya kabati ni chumba changu.

Lilianza na mlizamu.
Masika ya mwaka niliozaliwa, mai ya dari yao
yalimwagika kiwandani mwetu
juu ya sinia tatu za asumini za harusi ya shangazi.
Bibi akasema neno. Neno likajibiwa.
Jibu likapanda ngazi hadi kwa kadhi,
na kadhi akaamua mlizamu ugeuziwe kichochoroni.
Ukageuzwa.
Mai yakasikia.
Watu hawakusikia.
Usiku ule tulisikia, nasimuliwa,
kabati la mvule likiburutwa, miguu ikilia sakafuni,
na baba, asije akaonekana mnyonge,
akachukua nyundo.

Miaka thelathini na nne.
Harufu ya mahamri yao hupenya hata mbao,
na sisi hufunga pua hali tumbo lasikiliza.
Shuleni mtoto huniamkia shikamoo mwalimu,
nami marahaba,
na hapo pana ukuta kamili.

Jumatatu nitawafundisha kitenzi:
hasimu, hasimiana.
Tazameni mkia, nitasema. -Ana.
Ndio ule ule wa pendana, wa saidiana, wa pokezana.
Vipo vitendo ambavyo lugha yetu
haikubali kumwachia mtu mmoja.
Kabati peke yake halizibi mlango.

Na sitawaambia
kwamba bibi alipofariki, Famau alikuja.
Hakumpa baba mkono. Hakuketi mkekani petu.
Alishika jeneza, mguu wa nyuma, wa kushoto,
hakumpokeza mtu mpaka makaburini,
akatupa udongo wake mara tatu,
akarudi kwake kwa njia ya mbali.
Kuzikana: hiyo nayo ina -ana,
na kamusi haikuiweka karibu na uhasama.

Nikampa Mwanashee alama zote.
Halafu kalamu haikutaka kuondoka.
Pembeni, kwa wino mwekundu, nikaandika:
Sahihi. Ila ni nusu.
Upande wa pili kuna misumari sita.

Nilitaka kufuta; wino mwekundu haufutiki,
huchafuka tu.
Nikaliacha.
Hilo ndilo neno la kwanza
nyumba yetu kuipelekea nyumba yao
tangu asumini ile.

Jumatatu daftari litavuka kwa miguu ya mtoto:
lango la shule, msikiti, duka la mkate,
kichochoro chenye punda, kona, ngazi kumi na mbili.
Kwa wikio
ni hatua nne.